Kusimuleti maji kwenye mwamba wenye nyufa: ukikosea upana wa ufa umekosea kila kitu

Wengi wakitaka kusimuleti (kuiga kwa kompyuta) maji yanayopita kwenye mwamba uliopasuka kitu cha kwanza ni kupakua programu, cha pili ni kuchora meshi (modeli iliyogawanywa vipande vidogo vidogo) nzuri yenye rangi rangi, alafu wanakaa wiki nzima wakijiuliza solva (sehemu ya programu inayotatua milinganyo) inagoma nini. Kumbe kazi yenyewe iko kabla ya hapo, iko kwenye namba moja inaitwa upana wa ufa, yaani nafasi kati ya ukuta mmoja wa ufa na ukuta wa pili. Hiyo namba ndo inaamua maji kiasi gani yapite, na hiyo hiyo ndo inabadilika mwamba ukibanwa au ukiachiwa, kwahiyo maji na mwamba wanagombania sehemu moja. Humu ntaenda hatua kwa hatua namna ya kuijenga modeli, nikichukulia maji ya kawaida na mwamba mgumu kama graniti, ukiwa na mafuta au gesi utabadilisha mnato na mengine machache ila mpango ni ule ule.

Swali la kwanza ambalo lazima ujibu: kweli unahitaji kumodeli mwamba unavyosogea, au maji peke yake yanatosha? Kama presha unayobadilisha ni ndogo sana ukilinganisha na mkazo unaobana ufa, achana na mwamba, modeli maji tu ulale mapema. Ila presha ikianza kukaribia ule mkazo, au kama kuna mzigo mkubwa unaongezwa juu ya mwamba, hapo huna ujanja. Mfano unaotajwa sana ni bwawa la Malpasset kusini mwa Ufaransa, lilipasuka tarehe 2 Desemba 1959 na watu zaidi ya 400 wakafa. Maelezo ambayo wataalamu wengi wa miamba wanayakubali ni kwamba msukumo wa bwawa lenyewe uliubana mwamba upande wa kushoto, nyufa zikajifunga, maji yakakosa njia ya kutokea, presha ikajengeka chini ya msingi mpaka kipande kizima cha mwamba kikasogea. Ukimodeli hapo maji peke yake, na upitishaji wa mwamba umeuweka namba moja isiyobadilika, hiyo presha huioni kabisa, modeli itakwambia maji yanapita vizuri tu.

Hesabu za karatasi kwanza

Chukua karatasi na kikokotoo. Maji yakipita katikati ya kuta mbili laini zilizo sambamba, kiasi kinachopita kwa kila mita ya ufa ni

Q = w³ × Δp / (12 × μ × L)

ambapo w ni upana wa ufa, Δp ni tofauti ya presha kati ya mwanzo na mwisho, L ni urefu wa njia, na μ ni mnato, ambao kwa maji ya nyuzi 20 ni kama 0.001 Pa·s. Angalia hicho kipeo cha tatu. Upana ukiongezeka mara 2 maji yanaongezeka mara 8, ukiongezeka mara 10 maji yanaongezeka mara 1,000. Witherspoon na wenzake waliipima maabara kwenye nyufa halisi na kuchapisha mwaka 1980, na mpaka leo ndo msingi wa karibu kila kodi (programu iliyoandikwa) ya nyufa utakayokutana nayo.

Sasa linganisha na mwamba wenyewe. Graniti isiyo na ufa upitishaji wake ni kama 10⁻¹⁸ m², mara nyingi hata chini ya hapo. Weka ufa mmoja wa milimita 0.1 kila baada ya mita moja, piga w³ gawanya kwa 12 na kwa hiyo nafasi ya mita moja, unapata kama 8.3 × 10⁻¹⁴ m², yaani zaidi ya mara 80,000 ya graniti yenyewe, na huo ni ufa ambao ukiuangalia kwa macho utasema ni mstari tu. Kwahiyo ukiwa unahangaika kupima upitishaji wa graniti kwa umakini mkubwa alafu upana wa ufa unaukisia, umeweka nguvu pasipofaa.

Hesabu ya pili ni muda. Presha inasambaa kwenye mwamba kwa muda unaokaribia L²/D, ambapo D ni usambaaji, nao unaupata kwa kugawa upitishaji kwa mnato na kwa uwezo wa kutunza maji. Kwa graniti nzima D ya 0.0001 m²/s ni namba ya kawaida, kwahiyo presha kufika mita 100 inachukua sekunde milioni 100, zaidi ya miaka 3. Kwenye eneo lenye nyufa D ikiwa 0.1 umbali huo huo unaisha ndani ya kama saa 28. Hii inakwambia mapema kama simulesheni yako ni ya siku au ya miaka, na kama kwa huo muda mwamba wa pembeni unahesabika au unaweza kuuchukulia kama haupitishi maji kabisa.

Ya tatu ni mikazo. Mwamba wenye uzito wa kilo 2,700 kwa mita ya ujazo unakupa mkazo wa wima wa kama MPa (megapaskali, yaani Pa milioni moja) 26.5 kwa kila kilomita ya kina, na maji kwenye nyufa zake yanakupa kama MPa 9.8 kwa kilomita. Kina cha kilomita 3 basi ni karibu MPa 80 za mwamba dhidi ya MPa 29 za maji. Kinachobana ufa sio 80 wala sio 29, ni tofauti yao, na ndo hiyo Terzaghi alituachia toka miaka ya 1920 kwenye udongo, Biot akaja 1941 akaiweka kwenye milinganyo kamili ya vipimo vitatu. Kwenye mwamba mzima unatoa presha ukiwa umeizidisha kwa namba ya Biot ambayo ni kati ya sifuri na moja, kwa graniti inaweza kuwa chini ya nusu. Ila kwenye ufa wenyewe presha unaitoa yote, maana maji yanasukuma ukuta mzima. Watu wanazichanganya hizi mbili, wanazidisha ile namba ya Biot mpaka ndani ya ufa, alafu ufa haufunguki pale unapotakiwa kufunguka.

Ufa utauwakilisha vipi

Hapa kuna njia kama nne na kila mtu ana dini yake. Unaweza kuzimeza nyufa zote ndani ya mwamba ukapata mwamba mmoja wenye upitishaji wa wastani, hii inafaa nyufa zikiwa nyingi, ndogo na zimesambaa sawa. Unaweza kutumia mfumo wa vitundu viwili, ambao Barenblatt na wenzake walitoa 1960 na Warren na Root wakauleta kwa watu wa mafuta 1963, yaani unakuwa na tabaka mbili za hesabu zinazokaa sehemu moja, moja nyufa zinazokimbiza maji na nyingine mwamba unaoyatunza, zinapeana maji polepole. Ya tatu ni kumchora kila ufa kama ulivyo, mstari ukiwa kwenye 2D au karatasi bapa ukiwa kwenye 3D, upana wenyewe unabaki ni namba tu kwenye kila kipande, sio kitu cha kumeshi. Ya nne ni zile mbinu za ufa unaokua, ambapo ufa unaachwa utafute njia yake kwenye mwamba, hizo ni kazi nyingine kabisa na kompyuta yako itakuchukia.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni ile ya tatu. Chora nyufa chache kubwa zinazobeba maji mengi, zile ndogo ndogo zimeze kwenye upitishaji wa mwamba. Na usijaribu kamwe kumeshi upana wa ufa kwa elementi (vile vipande vya meshi) za kawaida, ufa wa milimita 0.1 ndani ya boksi la mita 100 ni uwiano wa milioni moja, hakuna meshi itakayopendeza hapo.

Programu ziko, nyingi za bure. PorePy ya Chuo Kikuu cha Bergen imeandikwa kwa Python na imejengwa hasa kwa hii staili ya nyufa bapa ndani ya mwamba, meshi inachorwa na Gmsh nyuma ya pazia. OpenGeoSys na MOOSE ni kubwa zaidi na zinafanya joto pia. dfnWorks ya Los Alamos ni nzuri kama una mtandao wa maelfu ya nyufa na unajali maji tu. 3DEC ni ya kulipia, inachukulia mwamba kama mabonge yanayogusana, watu wa migodi na mahandaki wanaipenda. Mimi ningeanza na PorePy kwa sababu unaona kila kitu kinachotokea na unaweza kubadilisha kanuni ya ufa kwa mistari michache, ila kama kazini kwenu kuna mtu anaijua OpenGeoSys vizuri basi tumia hiyo, mtu wa kumuuliza ana thamani kuliko programu.

Kinachotokea ndani ya ufa

Hapa tukae kidogo, maana ndo kwenye utamu na ndo kwenye maumivu.

Kwenye mwamba mzima una milinganyo miwili: wa maji, ambao ni Darcy (kanuni ya maji yanavyopenya kwenye vitundu kwa kufuata tofauti ya presha) pamoja na kutunza maji, na wa nguvu, kwamba mikazo isawazike na mwamba unanyumbuka. Kwenye ufa una mlinganyo wa maji wenye kile kipeo cha tatu, na ndani yake kuna kipande ambacho wengi wanakisahau: upana ukibadilika na muda, maji yanahifadhiwa au yanasukumwa nje. Ufa ukifunguka unanyonya maji, ukijifunga unayatema. Bila hicho kipande modeli yako inaonyesha ufa unafunguka bila hata tone la maji kuingia, na mwisho wa siku hesabu ya maji haifungi.

Alafu kuna kugusana. Kila kipande cha ufa kiko kwenye hali moja kati ya tatu. Kimefunguka, kuta hazigusani na presha ya maji ndo inazishikilia. Au kuta zimegusana na zimeng'ang'ania. Au zimegusana na zinateleza. Kanuni ya kuteleza ni rahisi, mkazo unaosukuma kuta zipishane ukifika namba ya msuguano mara mkazo unaobana (ukishatoa presha ya maji) basi ufa unateleza. Namba ya msuguano kwa miamba mingi ni 0.6 mpaka 0.85, hiyo ni kazi ya Byerlee ya 1978, ila nyufa zilizojaa udongo wa mfinyanzi zinaweza kushuka chini ya hapo kwahiyo usiitumie kwa kufumba macho.

Ufa uliofungwa sio ufa usiopitisha maji. Kuta zina makunyanzi, zinagusana kwenye vilele, katikati yake maji yanapenya. Kwahiyo lazima uweke upana uliobaki, ambao ufa hauendi chini yake hata ukiubana vipi. Na kati ya kuachia na kubanwa kabisa njia sio mstari ulionyooka: Bandis na wenzake walionyesha 1983 kwamba mwanzoni ufa unajifunga haraka kwa mkazo mdogo, alafu unakuwa mgumu na mgumu zaidi mpaka unagoma. Ukiweka ugumu mmoja usiobadilika kama springi ya kawaida, utapata ufa ambao kuta zake zinapitana, upana hasi, na ukipandisha namba hasi kipeo cha tatu maji yanarudi nyuma. Inachekesha mpaka ukiikuta saa nane usiku.

Tena upana wa kuta na upana wanaouona maji ni vitu viwili. Maji yanazunguka vilele, yanakwama kwenye kona, kwahiyo upana wa maji ni mdogo kuliko nafasi halisi ya kuta, na tofauti inazidi ufa ukiwa mkorofi na mwembamba. Ukipewa namba uliza imepatikana vipi. Kama ni kwa kupampu maji kisimani huo ni upana wa maji, kama ni kwa kupima kuta huo ni wa kuta, na kwenye faili lako viweke kwa majina mawili tofauti tangu siku ya kwanza.

Kuteleza nako kunafungua ufa, kwa sababu vilele vinapandiana. Kawaida unaandika kwamba upana unaongezeka kwa kiasi cha mtelezo mara tanjenti ya pembe ya kupandiana. Jaribu namba: ufa wa milimita 0.1 unateleza sentimita 1 na pembe ni digrii 3, upana unaongezeka milimita 0.52, jumla 0.62. Kipeo cha tatu kinakupa maji kama mara 240 ya mwanzo. Pembe ikiwa digrii 1 badala ya 3 unapata upana wa 0.27 na maji kama mara 20 tu. Digrii mbili, tofauti ya mara 12. Sasa niambie nani kwenye timu yenu anaijua hiyo pembe kwa usahihi wa digrii moja.

Meshi, mipaka na hali ya mwanzo

Meshi hainisumbui sana akilini ila ina mitego miwili. Elementi ziwe ndogo kwenye ncha za ufa na karibu na kisima, mbali huko ziwe kubwa. Na kama nyufa mbili zinakaribiana bila kukutana, au zinakatana kwa pembe kali sana, Gmsh itakuzalia pembetatu nyembamba kama makapi, na hizo zinaua solva. Sogeza ufa kidogo uungane au uachane, hakuna atakayekulaumu, data ya mahali ufa ulipo haina usahihi wa sentimita hata hivyo. Kingine, pointi za meshi kwenye ufa lazima ziwe jozi, moja kila upande, vinginevyo kuta haziwezi kuachana. Programu za nyufa zinafanya hivyo zenyewe, ukiandika kodi yako mwenyewe kumbuka.

Boksi la modeli liwe kubwa, mara kadhaa ya ufa mrefu kuliko zote, la sivyo mipaka itaubana ufa na utadhani mwamba ni mgumu kuliko ulivyo. Shikilia pande kiasi cha kuzuia modeli isielee tu, pande nyingine weka mikazo. Ukizigandisha pande zote umetengeneza sanduku la chuma.

Hali ya mwanzo inarukwa sana. Kabla hujapampu tone moja, weka uzito wa mwamba, mikazo ya pembeni na presha ya maji, tatua, hakikisha hakuna ufa unaoteleza wenyewe, alafu rudisha misogeo yote sifuri ukiacha mikazo ibaki. Kama nyufa zinateleza hata kabla ya kupampu, basi ama mikazo yako haiendani na msuguano uliochagua, ama umekosea alama. Alama! Watu wa miamba wanaandika mgandamizo kama chanya, kodi nyingi za mekanika zinaandika kama hasi. Soma maelezo ya programu mara mbili, alafu fanya jaribio dogo la kubana kipande kimoja uone inatoa alama gani.

Na vipimo, usimpe solva moduli ya Young (ugumu wa mwamba) ya 5 × 10¹⁰ Pa pamoja na upitishaji wa 10⁻¹⁸ kwenye matriksi (jedwali la namba za milinganyo) moja ukategemea itabasamu. Tumia MPa au GPa, au gawanya milinganyo kwa namba za kawaida za tatizo lako ili kila kitu kikae karibu na moja.

Kutatua

Kuna kutatua kila kitu pamoja na kuna kutatua kwa zamu, maji kwanza, mwamba baadae, mnarudia mpaka mnakubaliana. Zamu ni rahisi kuandika, ila kuna zamu na zamu. Ukitatua mwamba huku presha umeigandisha kama ilivyokuwa, hiyo inaweza kulipuka ukiwa na maji yasiyogandamizika. Ile ya kugandisha mkazo wakati unatatua maji ndo iliyothibitishwa kuwa imara kwa mwamba wenye vitundu, Kim, Tchelepi na Juanes waliichambua 2011.

Kwenye nyufa hata hapo nenda taratibu. Fikiria ufa umejaa maji, unaongeza maji asilimia 1 tu ya ujazo wake. Kama hatua ya maji inadhani kuta hazisogei, presha inaruka karibu MPa 22, maana maji yanagandamizika kidogo sana, kama 4.5 × 10⁻¹⁰ kwa kila Pa. Alafu zamu ya mwamba inafika, inaona MPa 22, inafungua ufa wazi kabisa, zamu ya maji inarudi inaona nafasi kubwa, presha inaanguka hasi. Wanarushiana mpira hivyo mpaka programu inakufa. Ndo maana kwa nyufa zinazofunguka mimi napendelea kutatua pamoja kwa Newton (mbinu ya kukisia jibu na kulisahihisha kwa marudio, kila rudio ni iterasheni), hata kama matriksi ni kubwa na mbaya. Kwa 2D solva ya moja kwa moja inatosha, 3D itabidi ujifunze solva za hatua kwa hatua na namna ya kuziandalia matriksi.

Newton nayo itakwama mara nyingi kwenye kugusana, kipande kinasema nateleza, iterasheni inayofuata kinasema nimeng'ang'ania, inayofuata nateleza tena. Chapisha kwenye logi ni vipande vingapi vimebadili hali kila iterasheni. Kama ni wale wale wawili wanazunguka, punguza hatua ya muda au weka breki kwenye hatua ya Newton. Kama ni mamia, tatizo lako ni kubwa zaidi ya hapo, rudi kwenye mikazo ya mwanzo.

Ila kupunguza hatua ya muda kuna mwisho wake. Hii inawashangaza watu: hatua ikiwa ndogo mno presha inaanza kuruka ruka juu chini karibu na mpaka, mawimbi ambayo hayapo. Vermeer na Verruijt waliandika 1981 kwamba kwa elementi za kawaida hatua isiwe ndogo kuliko kama h²/(6D), h ikiwa ukubwa wa elementi. Kwahiyo ukitaka hatua ndogo, meshi nayo iwe ndogo, au tumia elementi ambazo msogeo una daraja moja juu ya presha.

Mitihani ambayo modeli lazima ifaulu

Hapa usiruke hata mmoja. Anza na ufa mmoja ulionyooka, kuta hazisogei, presha tofauti kila mwisho, jibu ni ile fomula ya juu na linganisha namba kwa namba. Pili, safu ya Terzaghi, unaibana kutoka juu na maji yanatokea juu: muda usio na vipimo (D mara muda gawanya kwa kimo mara kimo) ukifika 0.197 nusu ya kukaa chini imeisha, ukifika 0.848 asilimia 90 imeisha.

Tatu ni mtihani wa Mandel, wa 1953, na huu ndo naupenda. Unabana bamba juu na chini, maji yanatoka pembeni. Presha ya katikati haishuki moja kwa moja, inapanda kwanza juu ya ile ya mwanzo, alafu ndo inashuka, kwa sababu pembeni pakilainika mzigo unahamia katikati. Modeli ambayo maji yanauambia mwamba lakini mwamba hauyajibu maji haiwezi kuonyesha hicho kipandio. Kama chako hakipandi, muunganiko wako ni wa upande mmoja, hata kama programu imekuandikia vinginevyo.

Nne ni ufa wa Sneddon, ufa mmoja ndani ya mwamba mkubwa wenye presha ileile kote. Upana katikati ni 4(1−ν²)pa/E, a ikiwa nusu ya urefu, p presha inayozidi mkazo, E moduli ya Young na ν uwiano wa Poisson (mwamba unavyotanuka pembeni ukibanwa). Kwa E ya GPa 50, uwiano wa Poisson 0.25, a ya mita 10 na presha inayozidi mkazo kwa MPa 1, unapata milimita 0.75. Kama yako ni 0.6, kwanza angalia boksi ni dogo, pili angalia elementi za kwenye ncha.

Kwa maji kwenye nyufa nyingi zinazokatana kuna mitihani ya wazi iliyochapishwa na Flemisch na wenzake 2018 kwa 2D, na Berre na wenzake 2021 kwa 3D, baadhi yake ina nyufa zilizozibwa ambazo zinazuia maji badala ya kuyapitisha. Modeli nyingi zinaanguka hapo hapo.

Sasa pampu

Jenga kwa tabaka. Maji peke yake, nyufa hazisogei. Alafu mwamba peke yake na presha umeigandisha. Alafu viunganishe ukiwa umezuia kuteleza. Alafu ruhusu kuteleza bila kupandiana. Mwishoni ndo uwashe pembe ya kupandiana. Kila tabaka likifanya kazi hifadhi faili, ili ikigoma ujue ni kipi ulichoongeza.

Wakati inakimbia angalia vitu vitatu tu: maji yaliyoingia toa yaliyotoka ni sawa na yaliyohifadhiwa, presha ya kisimani, na vipande vingapi vinateleza. Picha za rangi utazichora baadae.

Na usisimamishe simulesheni siku pampu inaposimama. Basel, Uswisi, walipampu maji kwenye kisima cha kama kilomita 5 kuanzia 2 Desemba 2006, wakasimama tarehe 8 mitetemeko ilipoongezeka, na jioni ya siku hiyo hiyo baada ya kusimama likaja tetemeko la 3.4, mengine ya zaidi ya 3 yakafuata Januari na Februari 2007. Presha kisimani inashuka lakini mbele huko bado inasambaa, inafika kwenye nyufa ambazo zilikuwa hazijaguswa. Kwenye modeli yako ongeza muda angalau mara kadhaa ya ule wa kupampu, na punguza kasi ya kuongeza hatua za muda pale mwanzoni mwa kufunga, maana ndo mambo yanabadilika haraka.

Matokeo ya mbio moja usiyapeleke kwa mtu. Badilisha upana wa mwanzo, pembe ya kupandiana, msuguano na mkazo mdogo wa pembeni, kila kimoja juu na chini ndani ya kiwango ambacho data inaruhusu, kimbiza zote, alafu toa jibu kama kiwango. Mara nyingi utakuta upana na pembe peke yake vinabeba karibu tofauti yote, na meshi yako uliyoipamba wiki nzima inabadilisha asilimia chache. Kwenye ripoti weka chati ya hizo mbio zote, sema upana uliotumia ni wa maji au wa kuta, na ambatanisha faili la vigezo pamoja na toleo la programu ili mwenzako akitaka kurudia asianze kukupigia simu.